Barua kutoka Uwanda wa Makonde

Dada yangu mpendwa,

Mimi huku Kusini sijambo. Jua la Oktoba ni kali na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye mkoba wa nguo, lakini chakula kipo na wenyeji wamenipokea vizuri mno. Uliniagiza nikuandikie habari za Masasi na Newala kwa kirefu, maana shuleni habari za Mtwara tulifundishwa kwa maneno mawili tu, korosho na vinyago, kisha mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Basi kaa kitako nikusimulie.

Nianze na jambo litakalokushangaza wewe unayeamka kila siku huko Mwanza ukiliona ziwa. Hapa Newala, juu kabisa ya Uwanda wa Makonde, hakuna mto. Kijito hakuna, bwawa la asili hakuna. Ardhi ni ya kichanga, na mvua ikinyesha maji yote yanazama chini, huyaoni tena mpaka ushuke bondeni yanakotokeza kama chemchemi. Ungetarajia mahali pa namna hiyo pawe pori tupu. Sivyo. Vijiji vimefuatana, mikorosho imeshikana matawi, na Newala, Tandahimba na vijiji vya kati yao ni miongoni mwa sehemu zenye watu wengi zaidi kusini mwa nchi yetu. Kwa nini watu wajae mahali pasipo na maji? Swali hilo nimelibeba tangu siku ya kwanza, na kila niliyemuuliza amenijibu kwa namna yake.

Kwanza uione nchi yenyewe. Uwanda huu uko kati ya Bahari ya Hindi upande wa mashariki, mto Lukuledi kaskazini na mto Ruvuma kusini. Uko kama meza iliyoinamishwa: upande wa pwani ni chini, na kadiri unavyokwenda magharibi unapanda taratibu bila hata kuhisi, hadi unafikia karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hapo meza inakatika ghafla. Newala imejengwa kwenye ukingo huo. Ukishuka genge na kuendelea magharibi unaingia nchi nyingine kabisa, tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama mmojammoja, na huko ndiko Masasi iliko.

Nilikuja kwa barabara kuu ya kutoka Mtwara. Unapita Mnazi Mmoja, Mtama na Nyangao, kisha unafuata bonde la Lukuledi, uwanda ukiwa mkono wako wa kushoto wakati wote. Ndanda ilinibidi nishuke. Pale chini ya genge maji yanabubujika, na Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga misheni yao hapo mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuteketeza misheni yao ya Nyangao. Leo kuna abasia, hospitali kubwa inayotegemewa na watu wa mikoa yote miwili ya Lindi na Mtwara, shule, na jina ambalo hata wewe utakuwa umelisoma kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya Kiswahili: Benedictine Publications Ndanda-Peramiho. Kumbe vile vitabu vya sala na hadithi vya bibi vilikuwa vikitoka kwenye kona hii ya nchi! Nilisimama nikiwatazama watu waliokuja na madumu kuteka maji ya mlimani, nikaanza kuelewa kwamba huku, ukitaka kujua kwa nini mji uko mahali ulipo, uliza kwanza chemchemi iko wapi.

Masasi ndiyo njia panda ya Kusini. Barabara ya kutoka Mtwara na Lindi inafika hapo, ya Nachingwea inachepuka kaskazini, ya Tunduru na Songea inaendelea magharibi, na ya Newala inapanda uwandani. Stendi haina utulivu, na sokoni kuna mbaazi, choroko, karanga, ufuta na muhogo mkavu. Ila kinachoushika moyo wa mgeni ni milima. Mtandi, Mkomaindo na mingine imechomoza kutoka kwenye ardhi tambarare, miamba mitupu yenye mabega ya mviringo, na nyumba zimejengwa hadi miguuni mwake. Jioni jua linapoelekea kuzama, mawe yanageuka rangi ya udongo uliochomwa. Mjerumani mmoja mwanajiolojia, Wilhelm Bornhardt, alipita huku mwishoni mwa karne ya 19 akaichunguza milima ya namna hii, na hadi leo wanajiolojia wa dunia nzima wanaita milima ya mawe ya aina hiyo kwa jina lake, hata ikiwa Brazili au Australia. Mwamba haunywi maji, dada. Mvua inayoupiga inateremka yote hadi chini, na ndiyo maana tangu zamani misafara ililala hapa. Siku hizi mji unapata maji ya bomba kutoka Mbwinji, chanzo kimoja na cha Nachingwea.

Historia ya Masasi inagusa Zanzibar kwa karibu kuliko nilivyodhani. Unakumbuka kanisa la Mkunazini pale Unguja, lililojengwa kwenye soko la watumwa? Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Waswahili. Mwaka 1876 aliondoka pwani akiongoza zaidi ya watu 50 waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa wenyeji wa bara, upande wa Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa warudi kwao. Walipofika Masasi, wakiwa wamechoka na safari, wakakuta ardhi nzuri na maji, wakasema hapa panatosha. Hivyo kijiji cha kwanza cha misheni ya Masasi kilikuwa kijiji cha watu waliokuwa wameuzwa na sasa wamejichagulia wenyewe mahali pa kuishi. Nimeona sehemu nyingi za kihistoria nchini kwetu, lakini sijui kama ipo inayostahili kutajwa zaidi ya hii. Laiti watoto wetu wangefundishwa.

Amani yenyewe haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Wamagwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka. Kiongozi wa misheni wakati huo, Chauncy Maples, akawahamisha watu waliobaki, na kituo kikapelekwa Newala, juu ya genge. Angalia mwelekeo: hatari ikija, watu wanapanda. Maples mwenyewe baadaye alikwenda Likoma, akapewa uaskofu mwaka 1895, na mwaka huo huo akazama Ziwa Nyasa. Misheni ilirudi Masasi baadaye, na mwaka 1905 ikachomwa tena katika Maji Maji. Ikajengwa tena. Watu wa hapa hawaisimulii kama habari ya majonzi. Wanaisimulia kama mtu anayetaja majina ya wajukuu.

Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, na askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas. Huyu wazee wanamkumbuka kwa jando. Wamisionari wengi wa zama zile waliona jando na unyago ni ushenzi wa kupigwa marufuku. Lucas, hata kabla ya kuwa askofu, alikaa na wazee akaona kwamba ukimnyang'anya kijana jando umemnyang'anya utu uzima wake, kwa hiyo akaliingiza jando kanisani, likiwa na sala zake na mafunzo yake. Wapo waliomlaumu, na wapo wanaosema hata yeye alikata mengi yasiyopaswa kukatwa. Mimi naona alikuwa na sikio, jambo ambalo wageni wengi wenye madaraka hawakuwa nalo. Hadi leo msimu wa jando na unyago ukifika, ngoma zinalia pande zote hizi, kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, na ndugu wanasafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuwatoa watoto.

Halafu akaja Askofu Trevor Huddleston. Kabla ya Masasi alikuwa padri Sophiatown, Johannesburg, akapambana na makaburu hadi wakubwa wake wakamwondoa Afrika Kusini. Ndiye aliyempa mwanamuziki Hugh Masekela tarumbeta lake la kwanza, kijana akiwa shuleni. Aliingia Masasi mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, akakaa mpaka 1968, kisha akamwachia kiti Mwafrika. Nilipofika kwenye kanisa kuu pale Mtandi, mwamba ukiwa nyuma yake, niliwaza jinsi mtu alivyoweza kutoka kwenye vurugu za Johannesburg hadi kwenye kimya hiki, na bado akaendelea kuupigania uhuru wa kule hadi uzeeni.

Ukiwa Masasi huwezi kuacha kusikia habari za Mzee Mkapa. Alizaliwa mwaka 1938, kwao ni kijiji cha Lupaso, akasoma hapo na Ndanda kabla ya kwenda Kigonsera, Pugu na Makerere. Alituongoza akiwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Alipofariki Julai 2020, mwili ulirudishwa Lupaso, na nchi nzima ikaiona kwa runinga barabara ambayo wengi hawakujua ipo. Wenyeji wa hapa wanamtaja zaidi kwa daraja la mto Rufiji, lile lenye jina lake lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, basi la Dar es Salaam lilitegemea kivuko, na masika ikishika, Kusini ilikuwa inakatika. Kuna mama wa makamo, muuza mbaazi, aliyeniambia safari ya kwenda hospitali Dar ilikuwa ya kuagana kabisa na watu wa nyumbani.

Ilikuwako pia reli, dada! Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuusafirisha mzigo. Karanga hazikustawi, mradi ukafa mapema miaka ya 1950. Reli iliendelea kidogo, mwishoni mwa miaka hiyo ikafikishwa hadi Masasi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa. Leo vijana wa bodaboda hawaamini ukiwaambia treni iliwahi kupiga honi mjini kwao.

Sasa nipande Newala, maana ndiko moyo wangu uliko. Barabara inatoka Masasi kupitia mashambani, inashuka na kupanda, kisha inaanza kuuparamia uwanda. Mafundi wako kazini, wanaweka lami kwenye ile barabara inayotoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160 hivi. Sehemu nyingine tulipita kwenye vumbi la gari lililotutangulia, dirisha likifungwa unakufa kwa joto, likifunguliwa unakula udongo. Ghafla hewa ikabadilika. Upepo wa baridi, nyumba pande zote mbili, mikorosho imefunga anga.

Mjini Newala ukifuata njia ya kuelekea ukingoni unafika panapoitwa Shimo la Mungu. Nilikuwa nimelisikia jina nikadhani ni shimo. La. Ni mwisho wa uwanda. Ardhi inakoma miguuni pako, na chini kabisa kuna bonde la Ruvuma limetandazwa hadi Msumbiji, misitu, mashamba ya mpunga, moshi wa watu wanaosafisha mashamba kabla ya mvua, na mto unaong'aa vipande vipande. Upepo unapanda kutoka chini ukikupiga usoni. Nilikaa pale hadi mchana wote ukaisha. Ukiwa pale, historia yote ya huku huhitaji kusomewa, unaiona: anayetoka bondeni kuja juu anaonekana saa nyingi kabla hajafika.

Na hilo ni jibu moja la swali langu. Karne ya 19 mabonde haya yalikuwa njia za misafara ya kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani. Watu waliuzwa. Baadaye Wangoni wakaanza kushambulia kutoka magharibi. Wamakonde, ambao asili ya wengi wao ni ng'ambo ya Ruvuma, walipanda uwandani wakaishi ndani ya vichaka vizito, kila ukoo na kijiji chake, njia zikiwa nyembamba za kumpoteza asiyezijua. Mvamizi mwenye kundi kubwa hawezi kukaa siku mbili mahali pasipo na tone la maji. Kiu iliwalinda.

Jibu la pili ni la wazee, na lilikwisha kuandikwa mwanzoni mwa karne iliyopita na Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig aliyetembea Masasi na Newala mwaka 1906, wakati majeraha ya Maji Maji hayajakauka, akirekodi nyimbo kwa mashine ya santuri. Hadithi inasema mtu wa kwanza aliishi porini peke yake. Akachonga mti kwa mfano wa mtu, akausimamisha, na asubuhi akaukuta umekuwa mwanamke. Wakaishi karibu na mto, mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wakapanda hadi juu kabisa, pande za Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi. Kuanzia hapo Wamakonde wakakatazwa kujenga karibu na maji. Yaani kinyago na kiu vimo ndani ya hadithi moja! Na ukifikiri habari ya mbu na malaria ya bondeni, utaona wazee hawakuwa wakitunga tu.

Gharama ya chaguo hilo waliibeba wanawake. Kwa vizazi na vizazi mama wa uwandani alishuka genge alfajiri na mtungi, akasubiri zamu yake kwenye kisima cha bondeni, akapanda tena na mtungi kichwani, na siku ilikuwa imekwisha. Miaka ya 1950 ukajengwa mradi wa maji wa Makonde, ambao unasukuma maji kwa pampu kutoka Mitema, bonde la Kitangari, hadi juu. Ulikuwa mradi wa aina yake kwa zama zile, na bado ndio tegemeo. Lakini pampu ni pampu na watu wameongezeka, kwa hiyo kila mwenye uwezo amejichimbia kisima chake cha mvua. Nyumba niliyofikia nayo inacho. Ni shimo refu uani, limejengewa kwa saruji, lina mfuniko wenye kufuli. Mabati yote ya nyumba yana mfereji unaoingiza maji humo. Mwenye nyumba alinifungulia nikachungulia: maji ya mvua za mwaka huu, yamebaki robo, na ndiyo yatakayowavusha hadi mvua za Desemba. Anapochota anahesabu ndoo. Mimi niliyezoea kufungua bomba na kuliacha likitiririka huku napiga mswaki, sikuthubutu kuomba maji ya kuoga mara ya pili.

Nisiache habari za vita, maana utashangaa dunia ilivyokuja kugombana kwenye genge hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka Ruvuma mwaka 1916 wakaiteka Newala, na kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakawafukuza. Mwaka uliofuata, baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba, jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kuja uwandani likiwa limeishiwa dawa na risasi. Huko Ulaya Wajerumani wakaandaa meli ya angani, Zeppelin L 59, ije na shehena ya kuliokoa. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, ikaruka juu ya jangwa hadi karibu na Khartoum, ikarudishwa kwa redio. Ilikuwa imepangiwa kutua huku kwenye Uwanda wa Makonde na isirudi tena: hata kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema na nguo. Lettow-Vorbeck hakuingoja. Tarehe 25 Novemba alivuka Ruvuma pale Ngomano, na siku chache baadaye kikosi kingine cha Wajerumani, cha Tafel, kikajisalimisha karibu na Newala kwa njaa. Vitabu vinawasifu makamanda. Wapagazi Waafrika waliobeba vita ile mabegani, wakafa kwa makumi ya maelfu, sikuona mahali wameandikwa.

Ngomano hapo hapo, mto Lujenda unapokutana na Ruvuma, ndipo Livingstone alipopita mwaka 1866 akitokea Mikindani. Na ndipo tangu mwaka 2010 lipo Daraja la Umoja, linalounganisha Mtambaswala wa kwetu na Negomano ya Msumbiji. Lilikuwa wazo la Nyerere na Samora, likafunguliwa na Kikwete na Guebuza. Kati ya 1964 na 1974, wakati wa vita vya ukombozi vya FRELIMO, maelfu ya watu walivuka mto huo kukimbilia kwetu, na familia nyingi za huku zina ndugu ng'ambo mpaka leo. Wachonga vinyago walivuka pia. Baadhi walikuja hata kabla ya vita, kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakaendelea hadi Dar es Salaam, na vinyago vya mpingo vya soko la Mwenge vikawa na asili yake huku. George Lilanga, ambaye kazi zake zimezunguka Ulaya, Marekani na Japani, alizaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934. Uwandani kwenyewe sikuona duka la vinyago vya watalii. Niliona mapiko, zile barakoa za kuchezea ngoma, zimetunzwa kwa heshima, na bibi mmoja mkongwe mwenye tundu la pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu, wa mwisho pengine katika kijiji chake.

Nakuja kwenye korosho. Oktoba ndiyo msimu. Asubuhi chini ya kila mkorosho pana watu wameinama wakiokota, wanatenga korosho na bibo, na harufu ya mabibo imejaa hewani, tamu yenye uchachu. Mabibo yanakamuliwa, maji yake yakikaa yanakuwa uraka, na ukiutaka mkali zaidi wanautengeneza nipa, ambao ni gongo. Nilionja uraka wa siku moja, ni mtamu kweli. Kwenye kibaraza cha jirani, mama alikuwa akibangua. Anatia korosho ghafi kwenye debe lenye matundu juu ya moto, mafuta ya ganda yanawaka kwa mwali mrefu, moshi mzito unakata pumzi. Anaepua haraka, anafunika kwa mchanga, kisha anapasua mojamoja kwa jiwe, vidole amevipaka majivu ili mafuta yasimchome. Aliyezoea anatoa punje nzima bila kuivunja. Mimi kila niliyoigusa ilitoka vipande. Ukinunua ile pakiti ndogo hapo Mwanza, ujue kuna vidole vilivyoungua.

Uchumi wa korosho una milima na mabonde. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Halafu watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei ikawa mbovu, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na kufikia 1986/87 tukashuka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo miaka ile vikakosa kazi. Kilichoifufua korosho ni utafiti wa kituo cha Naliendele na salfa inayopulizwa kuanzia Mei, na tangu 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapima korosho chama cha msingi, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, na siku ya mnada bei za wanunuzi zinawekwa hadharani. Wakulima wakizikataa, mzigo hauuzwi. TANECU inasimamia Newala na Tandahimba, MAMCU Masasi na Mtwara. Msimu wa 2017/18 nchi ilipita tani 300,000. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei ndogo, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia Kusini. Watu hapa bado wanabishana kama ilikuwa sawa. Wanachokubaliana ni ubaya wa kangomba, yule mchuuzi anayekuja mwezi wa njaa na bakuli lake, anakukopesha kidogo, na msimu ukifika korosho zako ni zake. Nilimsikia mzee mmoja akisema mnada unaweza kuwa mzuri vipi, lakini hauna faida kwa aliyekwisha kula shamba lake mwezi wa Machi. Nadhani hapo ndipo wenye dhamana wangeanzia.

Kuhusu chakula, nimekula ugali wa muhogo kwa kisamvu, mbaazi za nazi, na ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani, unaimenya na kuila kwa chumvi na pilipili. Utaipenda.

Ukija, usije masika. Njoo Septemba au Oktoba, panda basi la asubuhi kutoka Dar hadi Masasi, lala Masasi siku moja uupande mlima Mkomaindo kabla jua halijawa kali, kisha ndipo uje Newala. Beba sweta, usiku wa uwandani ni baridi. Na beba madumu mawili matupu yenye vifuniko. Ukipita Ndanda uyajaze, umpelekee mwenyeji wako. Hapa ndiyo zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili.

Msalimie sana shemeji, na wajomba wadogo waambie korosho zao nimeshanunua.

Ni mimi mdogo wako,
Newala